Koo Kama Kengele ya Ng'ombe

Yule mama alionaje ndani ya mnyoo wangu bila kumpasua? Mimi ni mtu wa kubishana na kila kitu, hata kanisani nimewahi kuombwa ninyamaze, kwa hiyo usidhani nakuuzia hadithi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kule machimboni Nyangoto, mchana kweupe, wakati dhahabu imewachanganya watu akili.

Nilikuwa natafuta minyoo bapa, wale wembamba wanaoishi kwenye udongo wenye unyevu, kwa ajili ya shahada yangu ya pili. Mama Robhi, mwenye nyumba niliyopanga, alinicheka kila siku. "Wenzako wanatoka shimoni na dhahabu, wewe unatoka na funza!"

Asubuhi ile, kwenye mdomo wa shimo la zamani la wachimbaji, nilimpata mmoja wa njano mwenye mstari mweusi. Hakuwemo kwenye kitabu chochote. Shida ni kwamba minyoo hawa hutambuliwa kwa viungo vya ndani. Usipompasua hana jina, nami sina shahada. Ukimpasua umemharibu. Nikajiambia, si kesho nitarudi kuchukua mwingine? Nilipofika chumbani kwangu nikamtoa kwenye chupa ya spiriti, nikashika wembe.

"Usimkate, mwanangu."

Mlangoni alisimama mama mzee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Niamini, jirani na nyumba mashine ya karasha ilikuwa inasaga mawe ya dhahabu, na sote tulikuwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Nguo yake nyeusi haikuwa na hata chembe. Akainama juu ya mnyoo.

"Koo lake ni kama kengele ya ng'ombe, limelalia kushoto. Nyuma yake ana yai moja. Na mwingine hayupo."

"Umejuaje, mama?"

Nilipoinua macho hakuwepo. Mama Robhi, aliyekuwa akichambua mawe palepale kizingitini, akauliza, "We msomi, unaongea na nani? Hiyo njaa. Njoo ule."

Njaa? Joto? Majibu hayo yote nilijipa. Lakini wembe nikauweka chini, mnyoo nikamrudisha kwenye chupa. Usiku mvua ikaharibu njia ya mashimoni, nikasafiri kurudi chuoni na chupa yangu.

Mwalimu wangu alimpeleka mnyoo kwenye mashine ya eksirei ya kuonea vitu vidogo mno. Akazungushwa taratibu, akapigwa picha kwa maelfu, kompyuta ikaziunganisha, tukatembea ndani ya mwili wake kwenye skrini bila kisu kumgusa. Koo: kengele, imelalia kushoto. Nyuma yake, yai moja. Nilicheka mpaka nikalia.

Leo ana jina, yuko kwenye chupa yake bila kukatwa, nami shahada ninayo. Bado nabishana na kila kitu. Ila ninachowaambia wanafunzi wangu nakuambia na wewe: kama unacho kimoja tu, weka wembe chini, kwanza tafuta namna ya kutazama.

Nimerudi kule mara nyingi, nikakuta shimo limefukiwa, na mwingine sijampata. Miaka mingi baadaye aliyekuwa mwenye lile shimo aliniambia walilifukia asubuhi ileile niliyompata mnyoo, mara tu nilipoondoka pale na chupa yangu.