Maji Kabla ya Misa

Kwaresima moja akina mama wa kigango chetu cha Temeke tulikata shauri kwenda kuhiji kwenye msalaba ulio juu ya mlima, huko Morogoro. Kazi ya kuipanga safari nilipewa mie, kwa sababu darasa la jioni nilifundishwa kusoma na kuandika, na pia namna ya kumhudumia mtu aliyezimia. Sikuipenda kazi hiyo. Wengi wetu tulizaliwa bara, lakini mchanga wa Temeke ulishatulegeza miguu.

Niliwapanga wawili wawili. Wanaokwenda polepole watangulie, wenye mbio wafuate nyuma. Anayeshindwa, mwenzake ashuke naye, hata kama msalaba wanauona. Mwenye viatu vya kuteleza avae makatambuga. Hayo yote walikubali. Kilichotushinda ni maji.

Misa ilipangwa kusomwa kule juu, adhuhuri. Siku zile anayetaka kukomunika, yaani kupokea Mwili wa Bwana, ilimpasa afunge tangu saa sita ya usiku, asile kitu, asinywe hata tone la maji. Kupanda mlima namna hiyo, juani! Nikamwendea padri.

"Baba, Misa isomwe chini alfajiri, watu wale kidogo, ndiyo tupande."

"Wenzako ndio walioomba iwe juu, mama. Zungumza nao."

Nikazungumza nao. Wakanicheka.

"Tunahiji au tunakwenda harusini?"

"Mbebeeni sufuria la uji huyu, atapanda mpaka mbinguni!"

Mmoja tu hakucheka, shoga yangu, jirani tuliyepakana naye ukuta. Mwanawe wa pekee alikuwa amelazwa hospitali, kavimba uso na miguu, na daktari alishamwambia asitumaini sana. Shoga yangu akaweka nadhiri: atapanda akiwa amefunga, akomunike chini ya msalaba kwa ajili ya mtoto. Nami nilijua kwamba tangu mtoto augue, yeye naye chakula kilikuwa hakimshuki.

"Wewe hutafika, shoga," nilimwambia.

"Nitafika. Kama huniamini, panda na mie."

Nikajipanga naye. Ndani ya kikapu, chini ya kanga, nikaweka chupa ya maji ya sukari.

Nusu ya kwanza alipanda vizuri, rozari mkononi. Baadaye nikaona anakanyaga ovyo. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, unatetemeka. Akanigeukia akasema, "Mama, ngoja kwanza nikafunge banda la kuku." Mama yake alikuwa marehemu siku nyingi. Kushoto kwetu palikuwa na korongo, na njia yenyewe nyembamba. Nikamketisha, nikawaambia waliokuwa nyuma yetu wapite. Wakapita wanaimba.

Nilipozibua chupa, akili ikamrudia. Akauma meno.

"Usinitoe kwenye Misa, shoga. Nakuomba."

"Utaanguka."

"Acha nianguke. Mtoto wangu yule!"

Nilimwomba Mungu anisamehe, nikambana pua mpaka akafungua mdomo. Akameza. Akameza tena, macho yakimtoka machozi bila sauti. Mikono ilipotulia akakaa tu, anautazama msalaba. Kutoka pale ulionekana kabisa. Kule juu kengele ya Misa ikalia. Na mie nikanywa. Sikuweza kwenda kumpokea Bwana wangu na shoga yangu nimemwacha pale.

Tukashuka, mie mbele, yeye kanishika bega. 

Mtoto alizikwa kabla ya Pasaka. Msibani nilichota maji, nikapika, nikaosha masufuria. Padri alimwambia shoga yangu mbele yangu kuwa Mungu hamdai aliyeishiwa nguvu njiani. Akajibu, "Ndiyo, Baba," kwa adabu, akaendelea kutazama mkeka.

Mwaka uliofuata Misa ilisomwa chini, alfajiri. Wenzangu walikunywa chai na mihogo, wakabeba maji, wakapanda na kushuka salama wote. Hakuna aliyenicheka. Shoga yangu hakwenda.

Niliporudi nikamkuta uani kwake anapepeta mchele. Nilikuwa nimechoka kupita pale kama mgeni. Nikamwambia, "Shoga, kama umeniwekea kitu moyoni, kitoe."

Aliendelea kupepeta.

"Nikikuuliza utanijibu kweli?"

"Kweli."

"Ingekuwa leo, ungeninywesha?"

Ningeweza kumdanganya, na labda ingemfaa. Lakini nilimwona tena pale ukingoni mwa korongo, anamwita mama yake.

"Ningekunywesha."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana siwezi kukutazama."

Akageuza kigoda, akanipa mgongo. Nikasimama pale kidogo, nikasikia ungo unavyokwenda, kisha nikaingia kwangu.