Mikunjo Miwili ya Kitambaa

Shule niliishia darasa la pili, ila majina sisahau. La mkunga aliyenizalisha, la kila mbuzi wa jirani, yote ninayo. Humu siyaandiki, maana wenyewe wengine wangali hai.

Miaka michache baada ya vita vya mpakani kwetu, mume wangu alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa Kayanga, gunia la kahawa likamwangukia kichwani. Alijipangusa, akacheka. Siku ya tatu akaniita kwa jina la dada yake. Kitindamimba wetu akamwita kwa jina la ng'ombe. Watoto walicheka. Mimi nilimpeleka hospitali.

Walimpiga picha ya kichwa. Kisha jenereta ikazimwa, kwani dizeli ilikuwa shida, na sanduku la taa la kutazamia picha likabaki giza. Daktari akaibandika picha kwenye kioo cha dirisha, jua la saa tatu asubuhi likiwaka nyuma yake.

"Sioni kitu. Mama, mzee alilewa rubisi?"

"Huyu ni mzee wa kanisa, daktari. Hata togwa humpa kizunguzungu."

"Basi ni uchovu. Nendeni nyumbani akapumzike."

Uani, gari la kupeleka wagonjwa hospitali kubwa ya Mwanza lilikuwa linapakia. Likiondoka, mpaka wiki ijayo. Nikaitazama ile picha. Ilikuwa inang'aa kama bati jipya. Nikakumbuka kwetu: kahawa hatuichagui juani. Juani punje mbovu nayo hung'aa, ikakupita machoni.

"Daktari, mwanga umezidi. Hebu tuupunguze."

Nesi akaangua kicheko. "Ee mama! Udaktari umeusomea lini?"

"Tangu nianze kuchagua kahawa, mwanangu."

Nikavua kitambaa changu cheupe cha kichwani, nikakiweka kati ya kioo na picha. Mkunjo mmoja, bado mwanga mkali. Nikakunja mara tatu, giza. Nikarudi kwenye miwili. Hapo mfupa ukatulia, weupe ukajitenga na kijivu. Juu kidogo ya sikio ukaonekana mstari, mwembamba kama unywele.

"Na huu je, daktari?"

Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa picha. "Mfupa umepasuka! Huenda damu inajikusanya ndani." Akatoka mbio mpaka uani. "Subirini! Msiondoke! Yuko mmoja zaidi!"

Mwanza walimtoboa fuvu, wakaitoa ile damu. Kitambaa nilimwachia daktari, akakitundika pale dirishani. Nesi akawa ananiamkia, "Shikamoo, daktari."

Wiki kadhaa baadaye mume wangu aliteremka kwenye gari, kichwa kimenyolewa, akasimama penye migomba yetu. Akawaita watoto wote sita, mmoja mmoja, bila kukosea. Akaniita mimi, jina langu la ubatizo na la ukoo. Kisha akageukia zizini, akamwita ng'ombe kwa jina la ng'ombe.

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.