Wanaume Washuke

Jumamosi ile kabla mambo hayajaharibika, mdogo wangu Joel alikuwa uani akiosha baiskeli, kifua wazi, akipiga mluzi. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikisukwa na Mama, na kila nilipomtazama Joel roho iliniuma. Kwa watu wote nilikuwa dada yake mkubwa. Mwenyewe nilijua tangu utotoni kwamba mimi si dada wa mtu. Wivu wangu haukuwa wa akili yake wala wa kupendwa kwake. Nilikionea wivu kile kifua, ambacho hata hakujua kwamba anacho.

Wiki chache baadaye kura zilihesabiwa, na nyumba za watu wenye majina kama yetu zikaanza kuchomwa. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alitupatia nafasi kwenye lori la mahindi lililokuwa likielekea Uganda. Nikajifunga leso, tukapanda watatu, tukakaa juu ya magunia pamoja na majirani.

Kizuizi kilikuwa cha mawe na gogo. Vijana wenye mapanga walilizunguka lori.

"Wanaume washuke. Wamama na wasichana wabaki."

Joel alishuka.

Mama aliushika mkono wangu kwa nguvu, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Lori likaruhusiwa kuondoka.

Niliogopa hadi nikajikojolea. Lakini wivu haukuniacha hata pale. Walimtazama Joel mara moja tu wakajua ni mwanamume, wakamsimamisha kati ya wanaume wazima kando ya barabara. Hatukumwona tena, wala mwili wake haukupatikana.

Miaka ikapita kambini huko Uganda, kisha kanisa moja la Toronto likatudhamini. Tukapata fleti mtaa wa St. James Town, kwenye jengo ambalo lifti zake hugoma zinavyotaka. Nikapata kazi ya usafi, nikakata nywele. Siku niliyomwambia Mama kwamba mimi ni mwanamume, na kwamba nataka kuanza homoni za kiume, hakumtaja Mungu wala watu wa kanisani, ambao nilikuwa nimewaandalia majibu yote. Aliweka mwiko chini.

"Nimebaki na wewe kwa sababu ulikuwa msichana," akasema. "Sasa unataka kushuka?"

Niliuchukua mwiko nikaendelea kupika badala yake.

Daktari wa kwanza, kule mji wa jirani wa Mississauga, alisikia habari za vita akaishia hapo hapo. Alisema nimeumizwa tu, nitulie, yatapita. Mwenzangu wa kazini akanielekeza kliniki nyingine. Kwenye chumba cha kusubiri niliketi karibu na kijana aliyekuja kwa shida kama yangu. Babake alikuwa amemshikia koti, akimwuliza kama amekula. Nilimwonea kijana yule wivu mpaka nikahamia kiti cha mbali.

Muuguzi aliniita Daudi, jina nililojichagulia, bila kusitasita. Kisha akaniuliza maswali ambayo huulizwa kila mtu kabla ya dawa ile.

"Wanaume wa kwenu wamefariki kwa nini? Moyo? Kisukari?"

"Baba, moyo," nikasema. "Mdogo wangu, mapanga."

Aliacha kuandika, akangoja. Hakusema kwamba ndiyo maana najiona mwanamume. Alisema tutapima damu, tutaanza na dozi ndogo, na nikitaka mtu wa kuzungumza naye juu ya Joel atanitafutia. Hilo, alisema, ni jambo jingine na halizuii dawa. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Majibu ya damu yalipotoka, alinifundisha kujidunga homoni hiyo, testosteroni, pajani, mkono wake ukiwa karibu na wangu.

Sauti ilibadilika kwanza, ikawa nzito. Mama aliizoea, au aliamua kunyamaza. Kisha zikaja ndevu, chache tu, kidevuni. Asubuhi moja tukinywa chai alinyoosha mkono akazigusa kwa kidole gumba. Nilidhani sasa amenikubali, na nikafurahi kama mtoto.

"Zimemea," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Za Joel hazikuwahi kumea."

Hakuuondoa mkono. Nilimtazama machoni nikaona kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa ananionea wivu, kwa niaba ya Joel. Sikumlaumu. Nilimwachia kidevu changu kwa muda aliotaka.