Rangi ya Kupapaswa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Herufi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye aproni iliyokakamaa kwa rangi hata ikakaribia kusimama yenyewe. Rangi zake za akriliki alizipima kwa jicho tu. Ya kuandikia vibao aliilegeza kwa maji, tone kwa tone, mpaka itiririke kama maziwa. Ya kupakia ukutani kwa sponji aliiacha nzito kama mtindi. Hakuzidisha maji hata siku moja, maana rangi iliyolewa maji haishiki, hupukutika kama unga.

Aliishi na mama yake, ambaye macho yalikuwa yamefifia hadi akabaki kuona mwanga tu. Mwezi huo mama alisahau gesi wazi. Kaka mkubwa akapiga simu.

"Jumamosi nakuja. Kama Mama hawezi kuwasha na kuzima jiko peke yake, nahama naye."

"Kwake hata kijiko nitaombea ruhusa," mama alisema.

Fundi akaamua kuweka vidonge vya rangi kwenye swichi za jiko na makopo, mama avipapase. Mkono ukafuata mazoea: aliilegeza rangi, kidonge kikatandazika. Akaweka rangi nzito kutoka kwenye tyubu, ikasimama kama njegere. Asubuhi maji yalikuwa yamekauka na njegere imenywea.

Mama akapitisha kidole. "Hapa pana nini? Nzi kapumzika?"

Fundi akarundika donge kubwa kwa mkupuo. Likapasuka katikati.

"Lete hicho kijiti," mama akasema. Alikuwa ameoka mikate ya kuuza miaka arobaini. Akakoroga taratibu, kichwa kakiinamisha. "Bado inanikimbia. Ongeza hiyo gundi yako ya kunenepesha. Tena. Haya, sasa inavuta. Weka kidogo, ikauke, ndipo uongeze."

"Mama, kazi hii nina miaka ishirini nayo."

"Umewafanyia wenye macho."

Fundi akacheka, akatii. Tabaka tano, siku tatu, na hakuna tabaka lililoongezwa kabla kidole cha mama hakijaidhinisha lililotangulia.

Jumamosi kaka alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani. Mama alipapasa makopo: kidonge kimoja sukari, viwili chumvi. Akawasha jiko, akachemsha chai. Alipomaliza akazungusha swichi mpaka kidonge chake kikakutana na kile kilichowekwa pembeni kuonyesha pa kuzimia, akasukuma kwa kidole gumba kuhakikisha.

Kaka akainama, akanusa, akaijaribu swichi mwenyewe. Ilikuwa imefungwa barabara.

"Sukari imetosha?" mama akamuuliza.

"Imetosha, Mama."

Begi alilolileta kwa ajili ya nguo za mama akaondoka nalo tupu. Mama alikuwa ameshamwita Fundi bafuni, amwonyeshe bomba la maji ya moto.