Kartali za Mzee Jayanti

Nakumbuka Jumapili moja pale Rockville, Marekani, mwanangu, siku niliyomnyamazisha mzee wa watu mbele ya wageni wake.

Nilikuwa bado msichana, mwaka wa pili tangu nitoke Mwanza, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Mzee Jayanti alikuwa Mhindi wa Tanga, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na kumpunguzia sauti. Alitaka kitu kimoja tu: kumwimbia marehemu mkewe wimbo wa ibada siku ya kutimiza mwaka tangu afariki. Kwa kuwa kartali zake hakuweza tena kuzipiga, akanifundisha mimi.

Kartali ni vipande viwili vya mbao vyenye vibati vinavyolia. Kimoja unakivaa kwenye kidole gumba, kingine kwenye vidole vinavyobaki, unavigonganisha kwa mkono mmoja. Wiki ya kwanza nilijibana mpaka vidole vikavimba. Ya tatu nikajiona fundi, maana kanisani kwetu mpiga kayamba nilikuwa mimi, na sifa zilishanijaa kichwani.

Siku ikafika, sebule imejaa watu. Mzee akaanza vizuri, lakini ubeti wa pili sauti ikashuka. Kwenye kwaya yetu, sauti zikishuka kayamba huongeza kasi ili waimbaji waamke. Basi nikaongeza. Mzee akajaribu kunifuata, pumzi ikamwishia, akafunga mdomo. Mimi huyo, naendelea kupiga na tabasamu juu, mpaka binti yake akanishika mkono. Niliona aibu, na hadi leo ninayo.

Wageni walipoondoka nilimwomba radhi. Hakunigombeza.

"Binti, ulikuwa unasikiliza mikono yako," akasema. "Anayeimba ni mimi. Nikivuta pumzi, ningoje. Haya, shika tena."

Tukaanza upya mbele ya picha ya mkewe. Aliponyamaza, nami nikanyamaza. Kuna mahali alikaa kimya sana, nikadhani amekwama, vidole vinaniwasha, nikangoja. Akaufikisha wimbo mwisho. Alilia, na mimi nikalia.

Mwanangu, sasa na wewe umeanza uuguzi, na wepesi najua umeurithi kwangu. Ukipewa kazi ya kumsaidia mtu, usimkimbize kwa sababu wewe unaweza kukimbia. Sikiliza pumzi yake, uende nayo.

Mungu akupe mikono myepesi na masikio yasiyo na haraka. Na siku pumzi yako itakapopungua, akujalie mtu wa kukungoja.