Niliinua Mkono Badala ya Kupiga Kelele

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo mate hunikauka. Ilikuwa miaka ya tisini, niko Kidato cha Nne katika shule ya bweni karibu na mji wa Kajiado. Maji yetu ya kisima yalikuwa na chumvi. Ukinywa, kiu inazidi. Basi sisi watu wa kemia tulikuwa na tabia yetu: mwalimu akigeukia ubao, mtu anaiba funda moja la yale maji yaliyosafishwa ya maabara. Tuliyaita soda.

Mimi nilikuwa msichana wa haya. Ya moyoni niliyaandika kwa daftari. Mdomoni halitoki neno. Asubuhi hiyo chupa yangu ya sodiamu hidroksidi, dawa inayounguza kama moto, ilianza kuvuja. Nikaona aibu kumwomba mwalimu nyingine. Nikaimimina kwa chupa tupu iliyoandikwa "maji safi". Nikajiambia, si nitakumbuka?

Nilikumbuka, ndiyo. Nasieku, rafiki yangu wa meza moja, aliichukua chupa ile akaninong'oneza, "Wacha nikate kiu, we mtakatifu. Usiniripoti."

Mwanangu, unajua nilifanya nini? Niliinua mkono. Nikangoja mwalimu anione!

Alipogeuka, Nasieku alikuwa chini, ameshika koo, mate yanamtoka. Mwalimu akasoma ile chupa.

"Lakini haya ni maji tu! Nasieku, wacha mchezo!"

Hapo sauti ikanitoka, sijui ilitoka wapi. "Si maji! Ni sodiamu hidroksidi! Ni mimi niliweka!"

Nasieku akasukutuliwa mdomo palepale, akakimbizwa hospitali kwa pikapu ya shule. Alipona, Mungu ni mwema, lakini wiki nyingi alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani.

Nilipoenda kumwona, nyanya yake alikuwa kando ya kitanda. Nikamwinamishia kichwa anisalimie kwa kunigusa utosini, vile watoto wa Kimaasai hufanya. Hakunigusa.

"Ulimwona akiinua chupa?"

"Nilimwona, kokoo," nikasema, nikimwita nyanya kwa Kimaasai.

"Na simba akiingia kwa boma, wewe unainua mkono?"

Nilibaki nimeinama hivyo hivyo, machozi yanadondoka sakafuni. Ni baada ya muda mrefu sana nilisikia kiganja chake kichwani.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami nilificha kosa dogo, likataka kumla mtu. Kwa hivyo nenda ukasome kemia yako, mwanangu, ni somo tamu. Usinywe kitu maabarani hata kiu ikukabe. Kila chupa ipe jina lake la kweli. Na ukikosea, au ukiona hatari, paza sauti saa hiyo hiyo, hata darasa zima likucheke. Kicheko hakijawahi kuunguza koo la mtu.

Mola akuepushe na majuto kama yangu, na ulimi wako usichelewe siku mwenzako anapouhitaji.