Wageni wa Maji ya Spa

Bagula alifundisha historia miaka kumi na tisa huko Katana, Kongo, karibu na Ziwa Kivu, na alipoletwa Buffalo, Marekani, hakupata hata mtu mmoja wa kumsimulia kitu. Mkewe alikuwa amefia ukimbizini Uganda. Binti yake wa pekee, Gentille, alipelekwa Louisville pamoja na mumewe. Bagula akapangiwa chumba cha ghorofani jirani na Bailey Avenue, akaajiriwa na kampuni inayotunza wazee majumbani. Jumapili alikwenda kanisani, akapeana mikono na watu, akarudi kuwasha televisheni ili chumba kisiwe kimya.

Oktoba 2015 kampuni ikamtuma Kenmore, pembezoni mwa mji, kwa bibi wa miaka tisini na mmoja aliyeitwa Denise Nowak. Alikuwa Mbelgiji wa mji wa Spa, aliyeolewa na askari wa Kimarekani mara vita vilipokwisha. Kiharusi kilikuwa kimemfutia Kiingereza chote, kikamwachia Kifaransa cha utotoni. Mwanawe, Gerald, mtu mzima wa miaka sitini, hakuwahi kufundishwa lugha hiyo.

"Mama anaongea kutwa nzima," alimwambia Bagula mlangoni, "na mimi sielewi hata neno moja."

Bibi Denise alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kofia. Akamuuliza kwa Kifaransa, "Umeshakunywa bilauri ngapi leo?"

"Bado hata moja, Madame."

"Basi daktari wako atakugombeza."

Siku hiyo Bagula aliongea Kifaransa saa sita mfululizo, na alipopanda basi kurudi aligundua kuwa sauti imemkauka.

Polepole akaelewa. Kwa bibi yule, kila aliyeingia nyumbani alikuwa mgeni aliyefuata maji. Spa ina chemchemi baridi zenye ladha ya chuma, na kwa karne nyingi wagonjwa wa Ulaya walikwenda kuzinywa, bilauri kwa bilauri, wakitembea kati ya chemchemi moja na nyingine. Wenyeji waliwaita *bobelins*. Mwaka 1717 alikuja mfalme wa Urusi, Petro Mkuu, tumbo likimsumbua. Akapona, akatuma jiwe la marumaru la kushukuru. Walifuata mabwana wa kucheza kamari, kisha matajiri wenye mbwa wadogo. Mwaka 1918 mfalme wa Ujerumani alikaa pale na majenerali wake, na kutoka pale akakimbilia Uholanzi. Nyanya yake Denise alipangisha vyumba vitatu, na Denise mwenyewe, akiwa na miaka kumi, ndiye aliyewapelekea wageni bilauri zao asubuhi.

Bagula alinunua daftari la shule, akawa anaandika kwa Kifaransa yote aliyosimuliwa. Mwalimu ndani yake alikuwa ameamka. Alikwenda maktaba kuhakikisha miaka, na mara nyingi bibi alikuwa sahihi.

Jioni moja ya Novemba alimkuta bibi amekaa dirishani, theluji ikianguka.

"Wameondoka wote," bibi alisema. "Kila Oktoba ni hivi. Wanatubusu, wanaahidi kuandika barua. Halafu nyanya anafunga madirisha ya vyumba vyao, na mimi nabaki na ngazi tupu. Kwenu je, maji yapo?"

"Yapo, Madame. Karibu na Katana, mahali panaitwa Kankule. Yanatoka ardhini yakiwa ya moto. Mama yangu alikuwa akioga pale kutibu mgongo wake."

"Na wageni wenu walitoka wapi?"

"Hatukuwa na wageni. Tulikuwa wenyewe tu."

Bibi alifikiri kidogo. "Na sasa nani anaoga pale?"

Bagula alitaka kumtajia watu, akaona kila jina linalomjia ni la mtu aliyekufa au aliyekimbia. "Sijui, Madame," akasema, akaenda kupasha supu.

Denise alifariki Machi, asubuhi ya Jumamosi ambayo Bagula hakuwa na zamu. Baada ya mazishi Gerald alimkalisha jikoni, akamwomba amweleze mama yake alikuwa akisema nini miezi ile yote. Bagula akafungua daftari, akatafsiri kwa Kiingereza chake cha kuungaunga mpaka chai ikapoa.

"Alinitaja mimi?" Gerald akauliza.

Bagula alirudisha kurasa nyuma, ingawa jibu alikuwa nalo. Angeweza kudanganya.

"Alikuwa na miaka kumi siku zote hizo," akasema. "Wewe ulikuwa bado hujazaliwa."

Gerald akaomba apewe daftari, yeye asiyeweza kulisoma, na Bagula akampa. Ndani ya basi alijuta. Hakurudi kulidai.

Kampuni ikampa mzee mwingine, aliyetazama besiboli kutwa bila kusema. Gentille, aliyefanya kazi ghalani, alimpigia simu kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Papa, ukuye tu huku Louisville. Donc utabakia pale peke yako mpaka lini? Kwa warehouse yetu banatafuta batu."

"Watoto wenu wanasikia Kifaransa?"

"Hapana, Papa. Hata Kiswahili, banajibia na Kingereza."

"Bon," Bagula alisema. "Nitakuya."

Alihamia mwaka uliofuata, mwezi wa tano. Wajukuu walimpokea kituoni, wakambusu, wakamwachia kiti cha mbele garini, na njia nzima wakaongea wao kwa wao, kwa Kiingereza.